Mpira wa Pili

Katika mchezo wa tenisi, anayeanzisha mpira hupewa nafasi mbili. Mpira wa kwanza ukinaswa na wavu, au ukiangukia nje ya kisanduku kilichochorwa upande wa pili, hapotezi alama. Husimama tena nyuma ya mstari na kupiga mpira wa pili. Ni akikosa mara zote mbili ndipo alama humwendea mpinzani. Kanuni hii ni fupi, na wachezaji wazoefu hawaifikirii sana. Sisi tunaoandika maneno haya tumeifikiria kwa miaka mingi, kwanza tukiwa wanafunzi waoga katika shule moja ya bweni mashariki mwa Uganda, kisha tukiwa walimu wa Kiswahili. Tumeona vema kueleza ilivyotufundisha, maana ninyi mnaosoma kitabu hiki mnajiandaa kusimama mbele ya watoto watakaokosea kila siku.

Tuliingia kidato cha kwanza mwaka 1991. Shule yetu ilikuwa na uwanja mmoja wa tenisi, uliotengenezwa kwa udongo wa kichuguu. Udongo huo hupondwa, hutandazwa, humwagiwa maji na kushindiliwa mpaka uwe mgumu kama sakafu. Mistari ilichorwa kwa chokaa, na mvua ya usiku mmoja ilitosha kuifuta. Wavu ulikuwa umeshonwashonwa kwa kamba za katani. Kwa wanafunzi wengi uwanja huo ulikuwa njia ya mkato ya kwendea bwaloni tu. Sisi watano tulifika hapo kwa sababu isiyo ya fahari: kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua mchezo mmoja, na katika kandanda tulikuwa tumekwisha kukataliwa.

Anayeanza kandanda anaweza kujificha nyuma ya wenzake kumi. Katika tenisi hakuna pa kujificha. Uwanja una urefu wa mita 23.77, na kwa mchezo wa mtu mmoja mmoja upana wake ni mita 8.23. Nusu nzima ya eneo hilo ni mali yako peke yako, na kila mpira unaoangukia humo ni swali unaloulizwa wewe, si mwingine. Wenye kupita huona jibu lako kabla hujalimaliza.

Siku ya kwanza tulijibu vibaya. Mwalimu aliyesimamia michezo alitupanga mstari mmoja saa ya chakula cha mchana, wakati shule nzima ikipita kwenda bwaloni, akatupa mipira mipya na kutuamuru tuanzishe mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza wetu alirusha mpira juu, akapunga raketi, na mpira ukamwangukia kichwani. Wa pili aliupeleka juu ya ua hadi jikoni. Wa tatu aliupiga kwa ubavu wa raketi ukamgonga mwenzake. Kicheko kilichozuka siku hiyo twakisikia hata leo. Wiki iliyofuata tulikuwa wanne. Mwenzetu wa tano alisema anaumwa mguu, nasi tulijua kuwa mguu wake ulikuwa mzima. Hakushika raketi tena hadi tulipomaliza shule, na kwa aibu hatukuwahi kumwuliza.

Aliyetuokoa hakuwa mwalimu kwa cheo. Alikuwa mzee aliyetunza uwanja, aliyeufagia alfajiri na kuchora mistari upya kila baada ya mvua. Alizaliwa Mombasa, akaajiriwa na shirika la reli tangu ujana wake, na kwa miaka mingi alikuwa mtunza viwanja katika klabu ya wafanyakazi wa reli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na reli ikagawanywa baina ya nchi tatu, yeye alikuwa amekwisha kuoa na kuzaa Uganda, akabaki. Tulimwita Mzee, basi. Alikuwa ameona yaliyotupata. Jioni moja alituita, akatunyoshea mkono na kungoja. Hatukujua alikuwa akingoja nini. Ndipo akasema kwa upole, “Wanangu, mkubwa huamkiwa ‘shikamoo’.” Tukasema, kila mmoja kwa namna yake, naye akaitikia “marahaba” mara nne, kana kwamba tumesema sawasawa.

Hapo yafaa tueleze jambo ambalo wasomaji vijana huenda wasilijue. Katika nyumba zetu wakati huo Kiswahili hakikuwa lugha ya shule wala ya biashara. Kilikuwa lugha ya jeshi. Katika miaka ya utawala wa Idi Amin, kuanzia 1971 hadi 1979, wazazi wetu walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani na milangoni usiku. Mmoja wetu alipomweleza mama yake wakati wa likizo kwamba kuna mzee anayetufundisha tenisi kwa Kiswahili, mama alinyamaza, akaendelea kumenya ndizi, kisha akauliza jambo jingine. Kwa hiyo tulipofika mbele ya Mzee tulibeba woga mara mbili: tuliogopa mchezo, na tuliogopa lugha iliyotumika kuufundisha. Hatukujua kwamba angetuondolea woga huo wote wawili kwa njia moja.

Jambo la kwanza alilofanya ni kutunyang'anya raketi. Kwa siku tatu tulirushiana mipira kwa mikono, tukiiacha idunde mara moja kabla ya kuidaka. Siku ya nne aliturudishia raketi, lakini tulipiga mpira chini tu, ukadunda na kurudi, kama mtoto achezeaye mpira kibarazani. Kisha alitupeleka kwenye ukuta wa ghala, akachora kwa chokaa mstari wa kimo cha wavu, yaani sentimita 91 na ushei, nasi tukapiga kuelekea juu ya mstari huo. Baada ya majuma mawili ndipo tuliposimama uwanjani, tena karibu kabisa na wavu, tukirudi nyuma hatua moja kila tulipofaulu kubadilishana mipira kumi.

Mipira yake nayo ilikuwa mizee. Mpira mpya wa tenisi hujazwa hewa kwa shinikizo, nao huruka kasi na kumpita anayeanza kabla hajageuza bega. Mzee alituwekea mipira iliyokwisha kupoteza hewa na manyoya, isiyodunda juu wala kwenda kasi. Tulidhani ni kwa sababu ya umaskini wa shule. Miaka mingi baadaye tulisoma kwamba Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lilianzisha mwaka 2007 mpango wa kuwafundisha wanaoanza kwa mipira ya polepole na viwanja vidogo, na kwamba tangu 2012 kanuni haziruhusu mpira wa kawaida wa njano katika mashindano ya watoto wa miaka kumi na chini yake. Mipira hiyo ya watoto hutambulishwa kwa rangi: mwekundu ndio wa polepole zaidi, hufuata wa rangi ya machungwa, kisha wa kijani. Mzee hakuwa na rangi hizo. Alikuwa na kapu la mipira chakavu, na alijua ni upi wa kumpa nani.

Hakutuambia hata siku moja, “Msiogope.” Twalikumbuka hilo kwa mshangao. Alitupa kazi ndogo iliyowezekana, akatuacha tuirudie, kisha akaiongezea ugumu kidogo. Woga uliondoka bila kuagwa.

Kiswahili kilituingia kwa njia hiyo hiyo. Mzee aliamuru kwamba kila mpira lazima utangazwe kwa sauti na yule aliyeuona vizuri zaidi. Palikuwa na maneno matatu tu: “umeingia”, “umetoka” na “umegusa wavu”. Ikiwa mipira miwili ilitoka mfululizo, tulitakiwa kusema “imetoka”. Siku ya kwanza tulichanganya. Siku ya pili mmoja wetu aligundua jambo lililotufurahisha kupita ushindi wowote: kwamba kwa Kiganda husemwa *omupiira gufulumye*, na kwa wingi *emipiira gifulumye*. Ile *gu-* ya nyumbani ndiyo *u-* ya Mzee, na ile *gi-* ndiyo *i-* yake! Lugha tuliyoiogopa ilikuwa jamaa ya lugha tuliyonyonya. Tangu hapo tulianza kutafuta wenyewe. Mstari umefutika, mistari imefutika. Raketi imekatika uzi, raketi zimekatika nyuzi. Mchezaji amechoka, wachezaji wamechoka. Hatukujua kuwa hayo huitwa upatanisho wa kisarufi, wala kwamba ngeli zina majina. Tulijua tu kwamba tukisema vibaya, mchezo unasimama kwa kuwa hapana ajuaye ni mpira mmoja au miwili iliyotoka.

Hata hesabu tuliipata pale. Alama za tenisi huenda kumi na tano, thelathini, arobaini, na mwenye kuanzisha hutanguliza alama zake mwenyewe. Mtu akitamka “thelathini kwa arobaini” mara ishirini kila jioni, hahitaji kukariri tarakimu darasani.

Sasa turudi kwenye mpira wa pili. Mwishoni mwa mwaka shule jirani ilikuja kucheza nasi, wawili kwa wawili. Shule ilitoka kutazama, na wengi walikuwa wale wale waliotucheka. Tulicheza vizuri kupita matarajio yetu mpaka alama za mwisho, na hapo mwenzetu mmoja akawa ndiye anayeanzisha. Mpira wa kwanza ulinaswa na wavu. Wa pili aliupiga kwa woga. Mkono ulianza vizuri, ukasita njiani, na mpira ukaanguka upande wetu wenyewe. Alama iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Mara mbili mfululizo alikosa mipira yote miwili, na mchezo ukaisha. Hakuna aliyecheka siku hiyo, lakini mwenzetu alilia nyuma ya ghala, na sisi tulimwona mwenzetu wa tano akiwa amesimama mbali, akitazama chini.

Mzee alikuja, akaketi juu ya kopo la chokaa. Hakutaja makosa manne. Alitaja moja. Alisema, “Mwanangu, mpira wa pili huupigi taratibu. Waupiga kwa nguvu ile ile, ila waupitisha juu zaidi ya wavu. Wewe umeusimamisha mkono. Mkono ukisimama, mpira hufa.” Akamwambia asimame, naye akapiga mipira kumi pale pale, gizani karibu, bila mtazamaji. Mingapi ilivuka hatukumbuki. Twakumbuka kwamba mkono haukusita tena.

Tumeliona jambo hilo mara nyingi mno baadaye, si uwanjani bali darasani. Mwanafunzi asiye na hakika na kiambishi hukimeza. Husema “mpira… metoka”, sauti ikizama mwanzoni mwa kitenzi, mahali pale pale penye upatanisho, kwa matumaini kwamba mwalimu hatasikia kosa. Hilo ndilo kusimamisha mkono. Woga haupunguzi makosa, huyaficha tu. Nalo kosa lililofichwa mwalimu hawezi kulisahihisha. Afadhali mara kumi mwanafunzi aseme “mpira imetoka” kwa sauti kamili, kwani hapo mwalimu anajua amsaidie wapi.

Lakini kulijua jambo na kulitenda ni vitu viwili. Sisi wawili tunaoandika, kati ya wale wanne, tulisomea ualimu wa Kiswahili. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwetu hizo zilikuwa habari za furaha. Tuliingia madarasani tukiwa na ari, vitabu na majedwali ya ngeli yaliyopangwa vizuri.

Asubuhi moja, mmoja wetu aliwataka wanafunzi wa kidato cha kwanza waeleze yaliyotokea nyumbani mwishoni mwa juma. Hatutasema alikuwa yupi kati yetu, maana mwingine angefanya vivyo hivyo. Mvulana mmoja asiyezoea kusema aliinua mkono. Alisimama, akameza mate, akasema: “Mwalimu, mbwa yangu imekufa.”

Mwalimu alijibu papo hapo: “Hapana. *Mbwa wangu amekufa.* Mbwa yumo katika ngeli gani?” Darasa likacheka. Mvulana akaketi. Hakuinua mkono tena muhula ule wote.

Usiku, wakati wa kuandaa somo la kesho yake, ndipo mwalimu yule alipotambua alichokuwa ameambiwa. Mtoto alikuwa amefiwa na mbwa wake. Alikuwa amechagua darasa la Kiswahili kulisema jambo hilo, katika lugha isiyo yake, mbele ya watu arobaini. Nasi tulimwuliza ngeli.

Tazameni pia jinsi kosa lenyewe lilivyokuwa na akili. Kwa Kiganda husemwa *embwa yange efudde*. Mnyama huyo hupatanishwa kwa umbo la neno. Kwa Kiswahili mnyama hupatanishwa kama mtu, kwa kuwa ana uhai, hata umbo la jina lake likifanana na la nyumba au nguo. Tena Kiswahili chenyewe husema *rafiki yangu amekufa* na *ndugu yangu amekufa*, kikitumia *yangu* kwa watu wa karibu. Mtoto aliyesema *mbwa yangu* hakuwa mzembe. Alifuata kanuni mbili anazozijua, na zote mbili zilimpeleka pale. Mwalimu mwenye subira angeona humo somo zima la majuma mawili. Sisi tuliona alama nyekundu tu.

Tulijiuliza Mzee angefanya nini. Alikuwa amekwisha kufariki wakati huo, lakini jibu tulilijua. Kwanza angeuacha mpira udunde. Yaani angesikiliza hadi mwisho. Pili angeurudisha taratibu, mahali ambapo mtoto anaweza kuufikia: “Pole sana, mwanangu. Mbwa wako amekufa? Alikuwa mgonjwa?” Katika maneno hayo machache mtoto angesikia *wako*, *amekufa* na *alikuwa*, upatanisho sahihi mara tatu, bila kukatizwa wala kuaibishwa. Na yamkini angejibu, “Ndiyo, alikuwa mgonjwa.” Huo ndio mpira wake wa pili. Baadaye, siku nyingine, wakati wa somo la ngeli ya A-WA, ndipo mwalimu angeeleza kanuni kwa darasa zima bila kumtaja mtu.

Mwalimu yule alimwendea mvulana mapema muhula uliofuata, akamwomba radhi, akamwuliza mbwa wake alikuwa na rangi gani. Mvulana alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akajibu, polepole lakini bila kumeza kitu, “Alikuwa mweusi, na mguu mmoja wake ulikuwa mweupe.” Upatanisho ulikuwa sahihi wote. Mwalimu hakumsifu kwa sarufi. Alimwuliza jina la mbwa.

Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Msemo huu huandikwa sana ukutani madarasani, na mara nyingi chini yake huketi watoto wanaoogopa kujikwaa. Hautoshi kuandikwa. Waliotunga kanuni za tenisi hawakumwandikia mchezaji msemo wa kumtia moyo. Walimpa mpira wa pili, wakaufanya kuwa haki yake. Nanyi mtakapopanga masomo yenu, pangeni humo nafasi ya pili kabla kosa halijatokea: kazi ndogo kabla ya kubwa, mpira wa polepole kabla ya ule wa kasi, sahihisho moja badala ya manne, na sikio kabla ya kalamu.

Kuhusu mwenzetu wa tano, tulikutana naye kwenye arusi miaka michache iliyopita. Tulisalimiana kwa furaha, na katika mazungumzo tukafika kwenye uwanja ule wa udongo wa kichuguu. Alitabasamu, akasema kwamba mguu ulikwisha kupona. Kisha akatuuliza, kwa namna ya mtu asiyejali sana, kama Mzee alikuwa akipokea wanafunzi waliochelewa. Tulimjibu kwamba alikuwa akipokea, na kwamba tulipaswa kumwambia zamani zile.

Zoezi

1. Eleza sababu mbili zinazoweza kumfanya mwanafunzi aseme “mbwa yangu imekufa”.
2. Zitaje ngeli za nomino zifuatazo, kisha tunga sentensi kwa kila moja katika umoja na wingi: *mpira, mstari, raketi, wavu, mchezaji*.
3. Mwanafunzi anasema, “Raketi yangu amevunjika.” Andika majibizano mafupi ambamo mwalimu anamsikizisha upatanisho sahihi bila kumkatiza.
4. Jadilini: je, kuna wakati ambapo ni bora mwalimu asahihishe kosa papo hapo? Toeni mifano kutoka katika mazoezi yenu ya kufundisha.